Nilitoka na Kinywa Kikavu

Mama alinisugua shingo kwa dodoki mpaka ngozi ikachubuka. Ilikuwa Jumapili asubuhi, tunajiandaa kwenda kanisani, na alikuwa ameuona ule weusi uliozunguka shingo yangu kama uchafu wa kola. "Msichana wa miaka kumi na sita hajui kuoga!" alisema. Akapaka sabuni tena, akasugua tena. Weusi haukutoka. Nililia kwa maumivu na kwa aibu, kwa sababu nilikuwa nimeoga vizuri tu, na kwa sababu kwapani nilikuwa na weusi mwingine kama huo ambao nilikuwa nimeuficha.

Siku hizi nikisikia mzazi anamsugua mtoto shingo namna hiyo, namwambia aache dodoki, ampeleke mtoto hospitali. Ndiyo maana nimekaa kuandika. Mimi si daktari na sitajifanya daktari. Nakuandikia wewe kijana mnene kama nilivyokuwa mimi, uliyeshika karatasi yenye namba kwenye benchi la hospitali, ukiogopa kuitwa. Niliogopa sana katika mwaka ule, na sitaki kukudanganya kwamba nilikuwa jasiri.

Naitwa Minza. Tunakaa Kambarage, hapa Shinyanga mjini, mimi na Mama, ambaye anauza vitumbua na maandazi mbele ya nyumba. Kabla ya hapo tulikaa Geita. Baba alikuwa brokeri wa dhahabu, ananunua kwa wachimbaji wadogo na kwenda kuuza mbele. Duara la mtu, yaani shimo lake, likitema dhahabu, na sisi nyumbani tunakula vizuri. Baba alipenda kulisha watu, na mtu wa kwanza kumlisha nilikuwa mimi. Alirudi jioni na mfuko wa chipsi kuku na soda kubwa, akakaa kunitazama nikila. "Kula, mayu," aliniambia, maana aliniita mama kwa Kisukuma. "Watu wajue una baba." Nilikula, na watu wakajua.

Nilipokuwa na miaka kumi na moja, buti lilimchubua Baba kidole cha mguu kule machimboni. Kilikuwa kidonda kidogo, ukubwa wa punje ya mahindi. Hakikupona. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba alikuwa na kisukari, hata yeye mwenyewe hakujua. Alipelekwa hospitali kubwa Mwanza. Wakakata kidole, halafu wakakata mguu, halafu tukaletewa maiti. Mama akafunga nyumba, tukarudi Shinyanga kuwa karibu na Bibi, mama yake Baba, anayeishi kijijini mwendo wa saa moja kutoka mjini.

Kwa hiyo utaelewa nilivyokuwa siku daktari aliponitazama shingo, akanipima uzito na damu, akamwambia Mama kwamba weusi ule si uchafu bali ni dalili, na kwamba sukari yangu bado haijawa ugonjwa lakini imeanza kuelekea huko. Mama aliuliza maswali. Mimi sikusikia hata moja. Nilikuwa natazama miguu yangu ndani ya kandambili, vidole vyote kumi, na nilikuwa navihesabu.

Kuanzia siku ile nilikuwa na kazi ya siri kila asubuhi. Nilichukua kioo kidogo cha Mama, nikakaa kitandani, nikajikagua nyayo na katikati ya vidole kutafuta kidonda. Kuinama ilikuwa shida, tumbo lilinibana pumzi, lakini sikuacha hata siku moja.

Pale hospitali walikuwa wanaanza utafiti kuhusu vijana wanene. Walitaka kuona kama mazoezi ya wiki kumi na mbili yanaweza kubadilisha damu. Mama aliandika jina langu kabla sijafungua mdomo. Msimamizi wetu alikuwa Nesi Rehema, mtu wa Tanga, mwembamba, mwenye sauti tamu inayokuamrisha bila wewe kujua kwamba umeamrishwa. Alitueleza kwamba watapima sukari, na watapima pia vitu vinavyoitwa asidi amino. Nilivyoelewa mimi ni hivi: ukila nyama au maharage, mwili unavivunja vipande vidogo vidogo, na vipande hivyo vinatembea kwenye damu. Kwa mtu mnene baadhi yake vinaweza kujazana, na vikijazana sana huwa ni dalili kwamba sukari iko njiani. Nilishika hilo tu.

"Kwa hiyo kuna vitu kwenye damu yangu vinavyojua kama nitaumwa kama Baba?" nilimuuliza.

"Havijui, mwanangu. Vinatupa fununu tu."

Hata fununu niliiogopa.

Walinitoa damu ya kwanza mwezi wa tano, mpunga ukiwa unapigwa mashambani. Niliambiwa nisile kitu tangu usiku, maji ruksa. Nikatoka nyumbani na njaa yangu, nikatolewa vichupa vinne vya damu, nikala andazi moja getini nikiwa nimejificha. Majibu yalikuja baada ya wiki mbili. Vile vipande vilikuwa juu. Nesi Rehema alisema tulikuwa tumetarajia hivyo, na ndiyo maana tuko pale. Mama alinyanyuka kwenye kiti.

"Kwa hiyo mimi ndiye nimemlisha mwanangu sumu?"

"Hakuna aliyesema hivyo, Mama Minza."

"Ninyi mnasema mafuta, mnasema ngano, mnasema sukari. Mimi ninauza nini pale nje? Ninauza mafuta, ngano na sukari!"

Tulirudi nyumbani. Jioni ile akapika mchicha na kipande kidogo cha ugali, akaniwekea sahani mbele yangu kwa kishindo. Halafu yeye mwenyewe hakula chochote. Nilijua ananionea huruma na ana hasira na mimi kwa pamoja, na mimi nilikuwa hivyo hivyo kwake.

Mazoezi tulifanyia kwenye uwanja wa shule, jioni tatu kwa wiki. Tulikuwa kumi na wawili, na ukituona tumepanga mstari ungedhani ni foleni ya magunia. Watoto wa mtaani walikaa juu ya ukuta kututazama. Mimi walinibatiza Kontena, kwa yale makontena yanayoshushwa bandari kavu ya Isaka. "Kontena linatembea! Kontena limeacha reli!" Wiki ya kwanza tulitembea tu, nikarudi nyumbani mapaja yamechubuka mpaka nashindwa kukaa. Mama alinipaka mafuta ya nazi, na alipoona ngozi ilivyokuwa nyekundu akageuza uso.

Wiki ya pili raba mpya zilinitoa lengelenge kisiginoni.

Nataka niliseme hili taratibu, kwa sababu mtu mwingine atacheka. Niliona lile lengelenge asubuhi kwenye kioo, na kioo kikaniponyoka. Lilikuwa ukubwa wa punje ya mahindi. Sikumwambia Mama. Nilivaa soksi mbili, nikaenda shule, na kutwa nzima sikusikia mwalimu anafundisha nini. Nilikuwa nasikia mguu. Niliona msumeno. Niliona gari linakuja kutoka Mwanza na sanduku nyuma, na safari hii aliyekuwa ndani ni mimi.

Siku ya tatu Nesi Rehema aliona nachechemea. Aliniketisha kwenye nyasi, akanivua soksi, akakuta lengelenge limepasuka. Nilianza kulia hata kabla hajaligusa. Hakuuliza nalilia nini. Nadhani alikuwa amesoma faili langu na kukuta habari za Baba. Akaosha kidonda, akakifunga, akasema, "Tutakitazama pamoja kila siku, mimi na wewe. Kikipona utaniambia."

Kila siku nilipitia hospitali baada ya masomo, na kila siku aliacha alichokuwa anafanya, akakitazama. Siku ya sita kilikuwa kimefunga. Ngozi mpya, ya waridi, inang'aa. Nilikaa kwenye ngazi za hospitali nikaishika kwa kidole. Tangu nizaliwe sikuwahi kufurahia kitu kiasi kile.

Baada ya hapo nilikimbia. Nasema nilikimbia, lakini mbuzi mzee angenipita. Wiki ya tano niliweza kuzunguka uwanja mara moja bila kusimama. Wiki ya saba niliinama nikafunga kamba za raba bila kushika pumzi. Wiki ya tisa sketi ya shule ilianza kuzunguka kiunoni, zipu ikaja mbele. Mama alisema nimeacha kukoroma. Wale watoto wa ukutani walichoka kuniita Kontena, wakahamia kwa mwingine, nami nikaona aibu kwamba nimefurahi. Kila asubuhi bado nilikagua miguu, lakini nilianza kuthubutu kufikiri kwamba labda ingebaki.

Wiki ya kumi na mbili iliangukia likizo fupi, na nilikuwa kijijini kwa Bibi. Mama alinipeleka huko kwa sababu kule hakuna harufu ya vitumbua. Bibi alinipokea kwa kilio.

"Mmemfanya nini mjukuu wangu? Alikuwa binti, sasa ni fimbo! Watu watasema ana ugonjwa."

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba. Hata mashavu hana!"

Mashavu nilikuwa nayo ya kutosha watu wawili, lakini kwa Bibi mjukuu mnene ni heshima ya mji mzima, na mtu akikonda basi kuna jambo baya linafichwa. Nilimweleza habari za sukari. Nilipomtaja Baba aliingia ndani. Kuanzia hapo hakuninung'unikia tena. Kesho yake nilimwambia kwamba nitakwenda mjini kutolewa damu, na kwamba tangu usiku sitakiwi kula kitu. Bibi akatii kuliko wote niliowahi kuwaona. Jua halijazama tukawa tumeshakula ugali na mlenda. Akakusanya michembe, viazi vyake vya kukausha ambavyo hukaa mezani siku zote, akavifungia kwenye sanduku, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga.

Alfajiri niliondoka kwenda kupanda gari. Bibi alinisubiri mlangoni na kikombe cha bati kilichojaa mtindi, kama anavyomsubiri kila anayetoka kwake. Kwenye mji wa Bibi mtu haondoki na kinywa kikavu. Hata fundi aliyekuja kutengeneza mlango, hata mgeni aliyekuja na habari mbaya, anatoka amekunywa maziwa. Huo si mlo. Mlo ni ugali. Mtu anaweza kunywa vikombe vitatu vya mtindi na bado akalalamika kwamba tangu asubuhi hajala kitu, na hakuna atakayemshangaa. Nilikunywa nikiwa nimesimama, nikamrudishia kikombe, nikaenda.

Hospitali Nesi Rehema aliniuliza, "Umekula?"

"Hapana, sista."

"Hata kidogo?"

"Bibi amefungia chakula kwenye sanduku," nilisema, akacheka. Sikuwa namdanganya. Naapa, hata wazo halikunijia.

Majibu yalikuja upepo wa vumbi ukiwa umeanza. Nesi Rehema hakunipokea mlangoni kama kawaida yake. Alikuwa amekaa na daktari, na karatasi mbili zilikuwa mezani, ya mwezi wa tano na hii mpya. Vile vipande vilikuwa vimepanda kuliko mwanzo. Sukari nayo imepanda. Daktari alisema haelewi, kwa sababu uzito umeshuka na mazoezi nimefanya yote. Alisema inawezekana kuna kitu kingine mwilini, labda ini, labda kitu ambacho wao pale hawawezi kukiona. Akaandika barua ya kwenda hospitali kubwa.

"Ipi?" Mama aliuliza, ingawa alijua.

"Mwanza."

Mama alishika ukingo wa meza. Mimi nilihisi baridi kuanzia magotini kwenda chini, mpaka nikainama kuhakikisha miguu ipo.

Zile wiki tatu za kusubiri tarehe ndizo mbaya kuliko zote nilizowahi kuishi. Niliacha mazoezi, kwa kuwa yalikuwa yamenisaidia nini? Halafu nikaacha kula. Nilijiambia kwamba kama chakula ndicho kinachojaza damu, basi nisile, damu isafike. Nilimimina sahani yangu kwenye ndoo ya makombo ya nguruwe wa jirani, nikanywa maji. Siku ya nne nilianguka mstarini shuleni, nikaamka nikakuta walimu wananipepea na daftari. Mama alifika amevaa aproni, mikono ina unga. Alinikumbatia palepale mbele ya shule nzima, akasema sikioni mwangu, "Usiniache. Nimeshaachwa mara moja." Jioni alinipikia uji mwepesi akakaa mbele yangu mpaka nikamaliza, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano alikula na yeye. Tafadhali, wewe unayesoma, usifanye nilichofanya. Kutokula si dawa. Mimi nilipoanguka nilipasuka nyusi, na kovu ninalo.

Bibi alikuja mjini kutuaga. Hakuwahi kupenda mjini, lakini alikuja, na kibuyu cha mtindi amekifunika kwa kanga. Asubuhi ya safari alitupa kikombe kikombe, mimi na Mama, akasimama barabarani mpaka basi likapinda.

Kule Mwanza tulikaa kwenye korido ndefu. Mama alitazama ukuta mmoja muda wote. Baadaye aliniambia kwamba ni ukuta ule ule, hata rangi hawajabadilisha. Pembeni yangu alikaa mzee mmoja mwenye mguu mmoja na mkongojo. Nilijizuia nisitazame, nikashindwa.

"Binti, unautafuta?" aliniuliza. "Hata mimi niliutafuta sana."

Nilitaka ardhi inimeze. "Samahani, babu. Ulianzaje?"

"Mwiba. Nikauacha wiki nne kwa ubishi." Akanitazama raba zangu. "Wewe una nini?"

"Bado hawajui."

"Basi umewahi," alisema. Akanisogezea upande wa benchi uliokuwa na kivuli. Nilikishika kile alichosema, ingawa sikukiamini.

Aliyeitwa kunitoa damu alikuwa mtu mzima wa maabara, mwenye miwani iliyofungwa uzi, na alitusalimia kwa Kisukuma, mwangaluka. Alinifunga mpira mkononi, akagonga mshipa. Halafu, sindano ikiwa tayari, aliuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Leo asubuhi mlipotoka, mama mwenye mji amewapa nini?"

"Maziwa tu," nilisema.

Alifungua ule mpira. "Maziwa tu. Na siku ile nyingine, Shinyanga?"

"Yale yale. Nilikuwa kwa Bibi."

"Kikombe kikubwa?"

"Cha bati."

Alivua miwani akajifuta uso, na mabega yakaanza kutikisika kwa kicheko. "Mimi mama yangu ana miaka themanini," alisema, "na mpaka leo hanitoi nje bila kikombe. Kila wiki napata mmoja kama wewe." Akamgeukia Mama. "Mama, maziwa yana protini nyingi, kama nyama. Saa mbili baada ya kuyanywa, damu inajaa hivyo vipande wanavyovitafuta. Na sukari yake ipo pia. Walipima mtindi wa bibi, hawakumpima huyu."

Mama alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekasirika, nataka kupiga mtu, na sikujua nimpige nani. Nilikuwa nimejizika nikiwa hai kwa wiki tatu. Daktari wa pale alipoitwa hakucheka pia. Alisoma barua, akasoma karatasi, akasema neno moja lililonirudisha kwenye shimo: "Inawezekana." Inawezekana ni maziwa. Inawezekana kuna jambo lingine pia. Turudi Shinyanga, niendelee na mazoezi kwa wiki nane, halafu nipimwe tumbo likiwa tupu kabisa.

Kwa hiyo hofu haikuisha. Ila sasa ilikuwa na tumaini ndani yake, na nakwambia ukweli, hilo linachosha zaidi.

Nani angemwambia Bibi? Mama alikataa. Nilikwenda mimi. Bibi alinisikiliza akiwa anapepeta mchele, na nilipomaliza ungo ulikuwa umesimama hewani.

"Kwa hiyo ni mimi niliyekupeleka Mwanza," alisema.

"Hapana, Bibi. Hukujua. Hata mimi sikujua."

Aliushusha ungo mapajani. Halafu akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Baba alipopelekwa Mwanza alichukuliwa moja kwa moja kutoka Geita. Hakupitia kijijini. Bibi alikuwa amekamua, amegandisha, amemsubiri siku mbili. "Alitoka kavu," alisema. "Mwanangu pekee, alitoka kavu, na hakurudi. Tangu hapo nimeapa, wa kwangu hatoki hivyo tena." Akaanza kupepeta upya, kwa nguvu, mchele ukawa unamwagika chini na hakuuokota.

Nilirudi uwanjani. Nesi Rehema aliniomba radhi, akasema yeye kwao Tanga mtu akisema hajala, basi hata chai hajanywa. Tangu siku ile anamuuliza kila kijana umekula nini, umekunywa nini, umeonja nini, umetafuna nini. Wenzangu wananilaumu mimi kwa maswali hayo. Nilikimbia wiki nane, vumbi likiwa linaingia puani, mpaka mawingu yakaanza kukusanyika.

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku wa kuamkia kipimo. Bibi alikuwa amekuja tangu jana yake na kibuyu chake. Alfajiri nilipofungua mlango nilimkuta amesimama pale, kikombe mkononi, kimejaa. Mama alikuwa nyuma yangu, na nilisikia anavuta pumzi ili aseme kitu. Bibi alimwahi.

"Najua," alisema. "Nimekimimina kwa mazoea."

Mtindi ulikuwa umemwagika kwenye vidole vyake. Alinitazama usoni, akatazama miguu yangu, halafu akasogea pembeni, mlango ukawa wazi.

"Nenda," alisema.

Nilitoka na kinywa kikavu. Nilitembea kwenye matope, sikugeuka, kwa sababu nilijua nikigeuka nitarudi na kukinywa. Nilipofika hospitali na kukaa kwenye benchi ndipo nilipomwona akiingia getini, amelowa, kibuyu kiko chini ya kanga. Alikuwa amenifuata nyuma njia nzima. Akakaa pembeni yangu. Nesi alipochomoa sindano na kunibandika pamba, Bibi alikuwa ameshaufikia mlango, kikombe mbele. Nesi Rehema akatazama kile kikombe, akanitazama mimi, akasema, "Nusu, Bibi. Nusu tu." Nilikunywa nusu. Nusu ya pili Bibi alimpa yeye, na yeye akanywa.

Wiki mbili baadaye tulikwenda wote watatu kusikiliza majibu. Vile vipande vilikuwa vimeshuka chini ya vile vya mwezi wa tano. Si kama vya msichana mwembamba, daktari alisema, lakini vimeshuka, na sukari imerudi nyuma. Mama alianza kulia kwa sauti. Bibi hakulia, kwa sababu hakuwa ameelewa hata neno moja la vipande.

"Miguu yake," alimuuliza Nesi Rehema. "Itabaki?"

"Leo ipo, Bibi. Na akiendelea hivi, sioni wa kuja kuikata."

Bibi aliteremka kwenye benchi akapiga magoti palepale kwenye korido, watu wakitazama, akanishika miguu yote miwili juu ya raba, na hakuiachia mpaka Mama alipomwinua.

Imepita miaka miwili. Bado mimi ni mnene, ingawa si kama zamani. Weusi wa shingo umefifia lakini haujaisha. Nakimbia jioni tatu kwa wiki, na kioo kidogo bado kiko chini ya mto wangu. Kila baada ya miezi sita natolewa damu, na kila mara naogopa upya.

Kesho ni siku mojawapo. Bibi amekuja leo mchana. Kibuyu kiko mezani, kimefungwa kwa kitambaa, na kikombe cha bati amekifunika juu yake kichwa chini.